Mtoto anasoma Kiingereza kwa silabi za Kiswahili: nimsaidieje?

mama_wa_kihonda

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa walimu, na wa yeyote aliyekisoma Kiingereza kwa undani.

Kijana wangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu. Shule ya msingi alisoma ya serikali, masomo kwa Kiswahili, na alifaulu vizuri. Sasa mambo yote yamegeuka Kiingereza, na yeye kila neno analikata vile alivyofundishwa darasa la kwanza, ba be bi bo bu. Make anasoma ma-ke, halafu anajirudi. Looked anasoma luk-edi. Vegetable kwake ina table ndani, table ile ile ya kulia chakula. Juzi kwenye kitabu cha baiolojia alifika kwenye laboratory akaisoma la-bo-ra-to-ri, akaninyanyulia uso kuona kama amepatia.

Jana kaja na daftari, wamepewa zoezi la kugawa maneno kwa silabi. Kaandika ti-ger, kapata vema. Kaandika ri-ver, kakoseshwa, na mwalimu kamwandikia riv-er. Akaniuliza: mama, mbona tiger inakatika baada ya i lakini river haikatiki hapo? Nikafungua kamusi ya kwenye simu, ile inayoweka nukta katikati ya neno. Kwa river ikakubaliana na mwalimu. Lakini tulipotafuta about tukaikuta nzima, haina nukta hata moja, na masikio yangu yanasikia silabi mbili.

Mimi nauza kwenye duka la dawa. Majina kama paracetamol na amoxicillin nayatamka kutwa nzima, lakini nimeyakariri kwa kusikia, siwezi kumweleza mtoto yamekatwaje. Je, kuna kanuni ya kueleweka, au kila neno likaririwe peke yake? Na zoezi hili lina faida gani hasa? Ijumaa ana imla.

kibwana_kgm

Dada, usijitese. Hesabu irabu. Kila penye a, e, i, o, u pana silabi. Ki-ta-bu irabu tatu, silabi tatu. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba e ya mwisho mara nyingi haisomwi. Mengine ni mazoezi tu, atazoea.

Mwl_Zamaradi

Mama wa Kihonda, hongera kwa kukaa mezani na mtoto. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari hapa Dodoma, na kumsikiliza mwanafunzi mmoja akisoma ukurasa mzima ni nafasi ambayo darasani siipati. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na kwa sababu watoto wengi wanaitwa wazito wakati hawajaelezwa tu.

Nianze na kaka Kibwana. Kanuni yako ni ya Kiswahili, na hata kwa Kiswahili inabaki pengo: mtu ina irabu moja na silabi mbili, m-tu. Nchi hivyo hivyo, n-chi. Hiyo m na hiyo n zimesimama zenyewe kama silabi. Ishikilie hiyo, nitaihitaji mbele.

Kwa Kiingereza kinachohesabiwa ni irabu inayosikika. Inayoonekana haitoshi. Strengths ina herufi tisa na silabi moja tu. Area ina herufi nne na silabi tatu: e-ri-a. Make inasikika irabu moja, meik, kwa hiyo ni silabi moja, na ile e ya mwisho imekaa pale kubadilisha sauti ya a. Na kaka Kibwana, e ya mwisho husomwa pia kwenye maneno machache: recipe ni silabi tatu, apostrophe ni nne. Jicho haliwezi kukuambia lipi ni lipi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya sikio. Mwambie mtoto aweke kiganja chini ya kidevu, aseme neno kama anavyomsikia mtu analisema, asiliangalie kwenye karatasi. Kidevu kikigusa mkono mara moja, silabi moja. Walked: mara moja, wokt. Played: mara moja, pleid. Wanted: mara mbili. Hapo ataona mwenyewe kwamba -ed inakuwa silabi kamili pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti ya t au d: wanted, needed, started. Kwingine inamezwa. Luk-edi yake ni lukt. Na -es ni hivyo hivyo, inaongeza silabi baada ya sauti kama s, z, sh, ch na j: box-es, wash-es, watch-es. Lakini makes na hopes zinabaki silabi moja moja. Kidevu kitamdanganya kwenye bottle, button na rhythm, maana silabi ya pili haina irabu hata kidogo. L, n na m zimesimama zenyewe. Ndipo ile m ya mtu inaporudi. Mwambie aseme rith, kisha aifunge midomo kwenye m kama anaanza kusema mtu. Anayo tayari kinywani mwake.

Sasa tiger na river. Silabi ya Kiingereza ikiachwa wazi mwishoni, yaani ikaishia na irabu, na ikawa ndiyo yenye mkazo, irabu hiyo kwa kawaida hutamkwa kwa jina lake la alfabeti. Ti inakuwa tai, ndiyo tiger, taiga. Pa inakuwa pei, ndiyo paper. O-pen, mu-sic, ro-bot, zote hivyo. Silabi ikifungwa na konsonanti, irabu inakuwa fupi: rab-bit, win-dow, doc-tor. Mtoto akigawa ri-ver anamwambia msomaji asome raiva. Kuna neno diver, mpiga mbizi, linatamkwa daiva, na hilo kweli ni di-ver. Yaandikeni mawili hayo moja juu ya jingine, di-ver na riv-er, mtaje yote mawili kwa sauti. Sababu yote imo humo.

Kwa maandishi peke yake haiwezekani kujua. Konsonanti moja ikikaa kati ya irabu mbili, mfundishe kujaribu: kwanza aache wazi, asome, asikilize kama hilo ni neno analolijua. Kama silo, aifunge. Le-mon ingekuwa limon, hakuna neno hilo, basi lem-on. Ca-bin ingekuwa keibin, basi cab-in. Se-ven, sev-en. Wapo wataalamu wa fonetiki wanaoiweka v ya river kwenye silabi ya pili wakizungumzia sauti tu, na wana hoja zao. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, riv-er ina msaada zaidi kwa sababu inamwambia atamke nini.

Konsonanti zikiwa mbili, kata katikati: bas-ket, num-ber. Ila zile zinazoandikwa mbili na kusikika moja, sh, ch, th, ph, usizitenganishe, kama vile kwa Kiswahili hatusemi s-hu-le. Fa-ther, el-e-phant. Na neno likiishia na konsonanti na le, hizo zinakwenda pamoja: ta-ble, ti-tle, ap-ple, lit-tle. Linganisha ti-tle na lit-tle. Ya kwanza imeachwa wazi, tai. Ya pili imefungwa na t, ndiyo maana ina t mbili.

Hapa ndipo zoezi linapolipa kwenye imla. Kurudufu konsonanti ni ukuta unaoilinda irabu fupi isigeuke. Later ni leita, latter ni lata. Diner ni daina, dinner ni dina. Hoping inatoka hope, hopping inatoka hop. Mtoto anayeandika "diner is ready" hajui kwamba amebomoa silabi, anadhani amesahau herufi.

Halafu mkazo. Kama wangenipa kipindi kimoja tu cha kufundisha matamshi kwa mwaka mzima, ningekitumia kwa mkazo. Kiswahili chetu kina ukarimu mkubwa hapa, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho na haukusumbui: ki-TA-bu, ki-ta-BU-ni. Kiingereza kinauhamisha. PHO-to-graph, pho-TOG-ra-pher, pho-to-GRAPH-ic, ukoo mmoja na mikazo mitatu tofauti. Sisi tunasema deve-LOP-ment kwa sababu ulimi unatafuta silabi ya pili kutoka mwisho. Wenyewe wanasema de-VEL-op-ment.

Lakini yapo makundi. Maneno yenye -tion na -ic yana mkazo palepale tunapopapenda sisi: ed-u-CA-tion, pol-lu-TION hapana, pol-LU-tion, sci-en-TIF-ic, math-e-MAT-ics, PHYS-ics. Hapo mtoto wa Kiswahili anapatia bila kufundishwa. Yenye -logy, -graphy na -ity yanarudi nyuma hatua moja zaidi, silabi ya tatu kutoka mwisho: bi-OL-o-gy, ge-OG-ra-phy, e-lec-TRIC-i-ty. Mwambie aandike masomo yake yote ya shule kwenye jalada la daftari, akipigia mstari silabi yenye mkazo. Atayatamka kila siku ya kazi.

Mkazo nao unaamua tahajia. BeGIN, mkazo mwishoni, kwa hiyo beginning ina n mbili. O-pen, mkazo mwanzoni, opening ina n moja. VIS-it, visiting. Pre-FER, preferred yenye r mbili. OF-fer, offered yenye r moja ya mwisho. Kuna travel, ambayo Waingereza huiandika travelling kwa l mbili ingawa mkazo uko mwanzoni, na Wamarekani traveling. Huo ni ubishi wa nchi mbili, asiuingilie, afuate Uingereza kama shule zetu zinavyofuata.

Nirudi kwenye lile linalokutia hofu zaidi, kwamba anasoma la-bo-ra-to-ri. Usimkataze moja kwa moja. Silabi isiyo na mkazo kwa Kiingereza inafifia, irabu yake inakuwa ile sauti hafifu isiyo a wala e, inayoandikwa kwenye kamusi kwa e iliyopinduliwa. Ba-NA-na ina a tatu, na ni ya katikati tu inayosikika sawasawa. Separate, grammar, definite: irabu zilizofifia sikio haliwezi kukuambia ni a, e au i. Mtoto wa Kiingereza mwenyewe anahangaika nazo. Mtoto wetu ana kitu ambacho yule hana, tabia ya kuitaja kila irabu kama ilivyoandikwa. Comfortable tamka kamf-ta-bl, lakini unapoandika jiambie moyoni kom-fo-r-ta-ble. Wednesday tamka wenz-dei, andika ukijiambia wed-nes-day. Vegetable tamka vej-ta-bl, andika ve-ge-ta-ble. Awe na sauti mbili, ya kusema na ya kuandika, na ajue saa ya kila moja. Nasikitika kila ninapoona mtoto amechekwa darasani kwa ba be bi bo bu yake mpaka akaiacha, kisha tahajia nayo ikamwondoka.

kurasa_msa

Shikamoo mwalimu. Nimesoma jibu lako mara mbili. Mimi ni mpangaji wa kurasa hapa Mombasa, vitabu na majarida, Kiswahili na Kiingereza, na naweza kumjibu mama wa Kihonda kuhusu about.

Zile nukta kwenye kamusi za Kimarekani kama Merriam-Webster watu huzichukulia kuwa silabi. Kazi yake ni kuonyesha neno linaweza kukatwa wapi likifika mwisho wa mstari. Hakuna mchapaji anayeacha a peke yake mwishoni kisha bout chini yake, kwa hiyo about haikuwekewa nukta, na again vilevile. Silabi zake ziko pale pale chini, kwenye mstari wa matamshi, na hapo zimetenganishwa. Mwambie kijana aangalie huko kwanza. Alama ndogo ya kusimama iliyo juu, kama mkwaju mfupi, inawekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi hudhani iko baada yake.

Na kamusi zenyewe hazikubaliani. Marekani wanakata kwa kufuata matamshi: knowl-edge, democ-racy, photog-raphy. Uingereza kwa desturi ya zamani wanaangalia neno limejengwa na nini: know-ledge, demo-cracy, photo-graphy. Mwandishi akiniletea kitabu, swali langu la kwanza ni Kiingereza cha wapi. Kiswahili hakinipi shida hii, nakata baada ya irabu na naendelea na kazi, ila nachunga ng'o-mbe isikatike ng'om-be.

Kiingereza unaweza kukata kihalali kabisa na ukaharibu usomaji. Legends ikikatwa leg-ends, msomaji ameshaona mguu kabla hajafika mstari wa chini. Readjust ikikatwa read-just ni balaa, lazima iwe re-adjust. Na kuna maneno yanayobadilika kwa maana. Present ikiwa zawadi ni pres-ent, ikiwa ni kukabidhi au kuwasilisha ni pre-sent. Record, santuri au kumbukumbu, ni rec-ord, na kurekodi ni re-cord. Hapo utaona lile alilosema mwalimu, mkazo ukihama, mpaka wa silabi unahama nao.

Mashine nayo imehangaika na hili. Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth kule Stanford, aliandika tasnifu yake kuhusu namna ya kuifundisha kompyuta kukata maneno, na njia yake ndiyo iliyo ndani ya TeX, programu ya kupanga kurasa inayotumika mpaka leo. Inatumia vipande vya herufi, haihitaji kamusi nzima. Iliachiwa orodha ya maneno 14 tu ya kushughulikiwa pembeni, na ndani yake mna present na project, yamefungwa yasikatwe kabisa, kwa sababu mashine haijui kama ni nomino au kitenzi. Kijana wa kidato cha kwanza analijua hilo kuliko mashine, akisoma sentensi.

Jambo la mwisho kuhusu ba be bi bo bu. Noah Webster, ambaye kamusi ile ina jina lake, alitoa kitabu cha tahajia kwa watoto wa Marekani mwaka 1783. Kina jedwali la silabi linaloanza ba be bi bo bu, halafu maneno yamepangwa kwa idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Watoto wa kule walisoma hivyo vizazi na vizazi. Kijana wako hana cha kuonea haya.

salma_leicester

Naunga mkono la mkazo. Mimi nahudumia wazee huku Uingereza, na ninachokiona ni kwamba mtu akikosea irabu wanakuelewa, akikosea mkazo wanakukodolea macho. Wenzetu wengi wakifika huku wanasema ca-LEN-dar kwa sababu kwetu ni kalenda, na hos-PI-tal au hos-pi-TAL kwa sababu kwetu ni hospitali. Maneno tuliyoyachukua tukayafanya yetu ndiyo yanatutega zaidi, maana unadhani unayajua. CAL-en-dar. HOS-pi-tal. Com-PU-ter imebahatika, inalingana na kompyuta.

Na majina ya miji msiyaguse bila kumsikia mtu. Mji ninaokaa, Leicester, una herufi tisa na silabi mbili, Les-ta. Worcester ni Wus-ta, Gloucester ni Glos-ta. Hayo hakuna kanuni ya kuyaokoa, unayasikia kituo cha treni unayashika.

kibwana_kgm

Mwalimu nimekuelewa, hasa la mtu na rhythm. Swali: mbona sisi tulipochukua maneno yao tuliyaongezea irabu? Driver ikawa dereva, club ikawa kilabu. Je, mtoto akisoma sipringi badala ya spring ni tatizo lile lile?

Mwl_Zamaradi

Ni lile lile, kaka. Spring ni silabi moja yenye konsonanti tatu mlangoni, na ulimi wetu unataka kupumua katikati. Kwenye dereva tuliweka e kati ya d na r, kwenye kilabu tukaweka i, na ndivyo neno lilivyokuwa letu. Akisema Kiswahili, dereva ni sahihi. Akisema Kiingereza, aanze polepole na zile tunazozitamka bila shida: kw, sw, mw tunazo kwenye kwao, swali, mwana. St tunayo kwenye stesheni, sk kwenye sketi. Atoke hapo aende st-r, street, sk-r, screen. Na mwisho wa neno asiongeze i. Kidevu kitamwambia: spring mara moja, sipringi mara tatu.

mama_wa_kihonda

Mungu awabariki. Tumefanya ya kidevu leo. River na diver ameelewa papo hapo, kaanza kutafuta mengine mwenyewe, kaniletea cover na clover.

Mwalimu, maneno ya imla ya Ijumaa ni haya: environment, government, necessary, accommodation, laboratory, beginning. Beginning umeshaieleza. Hayo mengine ayasome vipi? Na kama haikuchoshi, nitajie na paracetamol na zile za dukani, nami nizitamke ipasavyo.

Mwl_Zamaradi

Cover na clover! Huyo mtoto ana sikio. Cov-er imefungwa, clo-ver imeachwa wazi. Mwambie pia kwamba o ya cover inasikika kama a, kava, hiyo ni tabia ya o na v kwenye maneno kama love na above, asione kanuni imemsaliti.

Sasa imla. Environment na government zinakosewa na watu wazima kwa sababu n ya katikati haisikiki mtu akisema haraka. Environment itamkwe en-VI-ron-ment, na akiandika aone environ kwanza, kisha -ment. Government, govern ndilo neno, yaani kutawala, kisha -ment. Anayeandika goverment amesikia vizuri lakini hajatazama neno limejengwa na nini. Hapo kile alichokisema ndugu wa Mombasa kuhusu Waingereza kukata kwa kufuata ujenzi wa neno kinafaa sana.

Necessary, NEC-es-sar-y. C moja, s mbili. Kata palepale, nec, es, sar, y: c iko peke yake mwishoni mwa nec, na s mbili zimegawana silabi. Accommodation ni ac-com-mo-DA-tion. Aitaje kwa sauti ya kuandika, ak-kom-mo, na c zote mbili na m zote mbili zitajitokeza zenyewe. Mkazo uko kwa DA, kabla ya -tion kama kawaida.

Laboratory, kwa kusema, kwa Kiingereza cha Uingereza ni la-BO-ra-tri au la-BO-ra-to-ri, mkazo silabi ya pili. Wamarekani wanaanza na LAB, wanasema LAB-ra-to-ri. Kwa kuandika, ile la-bo-ra-to-ri aliyoisoma mbele yako ndiyo yenyewe herufi kwa herufi, abadilishe i ya mwisho tu iwe y. Kwa neno hilo hana haja ya kukariri chochote.

Njia ya kujifunza: alitamke neno, ahesabu kidevu, apigie mstari silabi yenye mkazo, alifunike, aliandike akilitaja kwa sauti ya kuandika, kisha afunue alinganishe. Akikosea aangalie ni silabi ipi imekosewa. Arudie silabi hiyo, asirudie neno zima mara ishirini. Maneno haya matano usiku mmoja yanatosha.

Na za dukani: par-a-CE-ta-mol, silabi tano, CE inatamkwa sii. A-mox-i-CIL-lin, tano, l mbili zinailinda i fupi. Pen-i-CIL-lin ni ndugu yake, nne. An-ti-bi-OT-ic, mkazo kabla ya -ic. Met-ro-NI-da-zole, ni inatamkwa nai kwa sababu imeachwa wazi, sawa na tai ya tiger.